Kumfuata mwalimu Olav Duun kwenye makaratasi

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili maisha ya Olav Duun, mwandishi wa riwaya wa Norwei, kwa kawaida huanza na riwaya zake. Anasoma habari za wakulima na wavuvi wa pwani ya Namdalen, anaona bahari, mashua na ugomvi wa mashamba, kisha anamchora mwandishi aliyeishi kisiwani maisha yake yote. Picha hiyo si ya kweli. Kuanzia 1908 hadi 1927 Duun alikuwa mwalimu wa shule huko Holmestrand, mji mdogo ulio upande wa magharibi wa ghuba ya Oslo, mamia ya kilomita kusini mwa kisiwa alichozaliwa, katikati ya watu wenye lahaja tofauti kabisa na yake. Riwaya sita zilizomjengea jina kuliko zote zilitoka akiwa bado anashika chaki. Ukizikosa karatasi za ualimu wake, umemkosa nusu mtu.

Maelezo haya ni kwa anayefanya kazi hii kutoka mbali, bila nauli ya Norwei na bila cheo cha chuo kikuu. Inawezekana. Kinachogharimu ni muda, na muda mwingi huliwa na mambo ambayo ungeyamaliza kwa siku chache kama mtu angekuambia mapema.

Tuanze na jina. Ukitafuta "Olav Duun" katika kitabu cha ubatizo cha 1876 utakesha bure. Mtoto aliyezaliwa tarehe 21 Novemba mwaka huo katika kisiwa cha Jøa alikuwa Ole Julius, na jina la ukoo ni Raabye. Kote mashambani Norwei wakati huo mtu aliitwa kwa jina lake, kisha jina la baba likiwa na "-sen" au "-datter", kisha jina la shamba alikokaa. Jina la shamba lilifanya kazi ya anwani. Ukihama shamba, jina nalo linahama, na ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuzikwa kwa majina tofauti. Ni sheria ya mwaka 1923 iliyoyafunga majina ya ukoo. Kwa hiyo usitafute kwa jina la mwisho. Tafuta kwa jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa na shamba, halafu linganisha na majina ya wazazi kabla hujaamini kwamba umempata mtu wako.

Tahajia nayo ina mitego yake. Herufi "å" iliingia rasmi katika tahajia mwaka 1917. Kabla ya hapo waliandika "aa". Jina lile lile utalikuta na "aa" kwenye daftari na "å" kwenye faharasa iliyoandaliwa miaka ya karibuni. Sehemu nyingine utakuta Duun, sehemu nyingine Dun. Na usisahau kwamba æ, ø na å zinakaa mwisho wa alfabeti yao, baada ya z. Wapo waliosema kisiwa cha Jøa hakimo katika orodha kwa sababu walikitafuta kwenye "Jo".

Vitabu vya kanisa viko bure kwenye Digitalarkivet, mtandao wa hifadhi ya nyaraka ya taifa, na hakuna kujisajili ili kuvisoma. Jambo la kujua ni kwamba parokia iliweka vitabu viwili: kimoja cha kasisi, kiitwacho ministerialbok, na kingine cha mtumishi wake, kiitwacho klokkerbok. Ukurasa wa kimoja ukiwa umeliwa na unyevu, fungua cha pili. Kila mstari wa ubatizo una tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa, na katika parokia za visiwani pengo kati yake laweza kuwa la wiki kadhaa, maana lazima bahari itulie kwanza. Wasifu mwingi wa watu wa huko umeandikwa kwa tarehe ya ubatizo bila mwandishi kujua. Safu ya wasimamizi wa ubatizo watu huiruka. Mimi naiona kuwa ya thamani kuliko zote, kwa sababu humo unapata mashamba ya jirani na ndugu ambao jina lao la mwisho lisingekuambia kitu.

Mwandiko utakukatisha tamaa. Makasisi wazee walishikilia mwandiko wa Kigothi hata baada ya shule kuuacha, na mtu aliyezoea herufi za Kilatini huona mistari ya kucha tu. Usianze na ukurasa unaoutaka. Jifunze kwanza miezi kumi na miwili na majina ya kawaida kama Ole, Johan, Anne, Marit na Peder katika mwandiko wa kasisi huyo huyo, kisha rudi kwenye ukurasa wako. Kila kasisi ana mkono wake, kwa hiyo akibadilishwa unaanza upya.

Baada ya ubatizo, fuata sensa, na hapa mpangilio wa miaka una maana. Sensa ya 1875 ilihesabu watu waliokuwapo tarehe 31 Desemba 1875, miezi kumi na moja kabla Duun hajazaliwa. Itakupa wazazi na shamba, yeye hayumo. Sensa ya 1885 ilihusu miji peke yake, hivyo kwa mtoto wa Jøa ni sifuri. Ya 1891 ilijazwa fomu moja kwa kila mtu, nayo yachosha kuisoma. Ya tarehe 3 Desemba 1900 inatoa mwaka wa kuzaliwa tu kwa watu wazima, pamoja na kazi na mahali pa kuzaliwa. Ya tarehe 1 Desemba 1910 inatoa tarehe kamili. Ndiyo maana nasema anza na 1910, ukiwa na uhakika wa tarehe, kisha rudi nyuma. Katika hiyo ya 1910 mtafute kusini, kaskazini utamkosa.

Mikoa nayo imebadilishwa majina mara kadhaa, na kila toleo lina karatasi zake. Nyumbani kwa Duun kuliitwa Nordre Trondhjems amt hadi 1918, kukawa Nord-Trøndelag kuanzia 1919, na tangu 2018 ni sehemu ya Trøndelag moja iliyounganishwa. Fosnes, wilaya ndogo iliyokuwa na Jøa, ilimezwa na Namsos mwaka 2020. Kusini, Holmestrand ilikuwa ndani ya Jarlsberg og Larvik amt, ikawa ndani ya Vestfold. Mji mkuu ulikuwa Kristiania hadi mwisho wa 1924, ndipo ukaitwa Oslo. Ukiandika kwamba kitabu cha 1918 "kilichapishwa Oslo", msomaji anayejua atakufungia kitabu hapo hapo. Andika jina la wakati ule, na mara ya kwanza tu ongeza la leo.

Kabla ya ualimu Duun alilima na kuvua samaki. Aliingia chuo cha ualimu cha Levanger mwaka 1901, akakaribia miaka 25, akahitimu 1904. Umri huo huwashangaza wasomaji wetu, wanaomwona kama aliyechelewa. Kwa kijana wa shamba haikuwa ajabu. Sekondari ya kumpeleka mtu chuo kikuu ilikuwa mjini, ilidai miaka mingi na mfuko wa baba. Chuo cha ualimu ndicho kilikuwa mlango uliofikika kwa mtoto wa mkulima aliyependa vitabu, na ndiyo sababu waandishi wengi wa kizazi kile waliotoka mashambani walipitia ualimu. Usimwandikie hadithi ya kipaji kilichozimwa na kazi. Bila chuo kile, kwa maoni yangu, pengine tusingekuwa na mwandishi.

Kitabu chake cha kwanza, mkusanyiko wa hadithi fupi, kilitoka 1907, mwaka mmoja kabla ya kuhamia Holmestrand. Hapa ndipo linakuja suala la lugha, ambalo huwaangusha hata wanaojua Kinorwei.

Norwei ina lugha mbili za maandishi. Moja ilikua kutoka Kidenmaki kilichotawala ofisi kwa karne kadhaa. Nyingine aliijenga Ivar Aasen katikati ya karne ya 19 kwa kukusanya lahaja za vijijini; iliitwa landsmål, na tangu 1929 inaitwa nynorsk. Bunge lilizipa hadhi sawa mwaka 1885, na kuanzia 1892 bodi za shule ziliweza kuchagua lugha ya kufundishia. Duun aliandika kwa landsmål iliyolowa lahaja ya Namdalen. Hakufuata tahajia rasmi neno kwa neno. Ndiyo maana mfululizo wake wa riwaya sita unaitwa Juvikfolke bila "t" ya mwisho, na kitabu chake kimoja Storbrylloppe. Maktaba na wauzaji wa vitabu vilivyotumika huandika wanavyotaka, kwa hiyo tafuta kwa tahajia zote mbili, yenye "t" na isiyo na "t", la sivyo utahesabu vitabu pungufu.

Kamusi ndogo ya mfukoni ya Kinorwei haitakufikisha popote. Nynorskordboka, iliyoko bure mtandaoni, itakusaidia kwa maneno ya kawaida. Kwa maneno ya baharini, ya mifugo na ya matusi ya kistaarabu, ambayo Duun anayo mengi, nenda moja kwa moja kwenye Norsk Ordbok, kamusi kubwa ya juzuu 12 iliyokamilika 2016. Inakusanya lahaja na maandishi ya nynorsk, na inaonyesha neno limesikika wilaya gani. Ukiona neno lina maana tano, chukua ile iliyoandikwa kuwa ya Namdalen au Trøndelag kabla ya nyingine zote. Watu hukimbilia maana ya kwanza kwa sababu ni ya kwanza, kisha wanashangaa kwa nini ng'ombe amegeuka jiwe.

Sasa ualimu wenyewe. Wanaoandika juu ya mwalimu-mwandishi hupenda picha ya taa ya mafuta, daftari usiku wa manane na mshahara usiotosha. Inawezekana ilikuwa hivyo, lakini usiiandike bila karatasi. Karatasi zipo za aina mbili. Ya kwanza ni daftari la shule, skoleprotokoll, ambalo mwalimu mwenyewe alijaza: darasa, siku za masomo, mahudhurio, mada zilizofundishwa. Ya pili ni kumbukumbu za vikao vya bodi ya shule, skolestyreprotokoll, na humo ndimo zinamoandikwa ajira, mishahara, likizo, walimu wa muda na ugomvi na wazazi. Ukitaka kujua mwandishi alipata wapi muda wa kumaliza kitabu, angalia likizo na walimu wa muda kabla ya kusoma mahojiano ya magazeti. Nyaraka hizi ni za serikali za mitaa, kwa hiyo huwa haziko pamoja na vitabu vya kanisa. Hutunzwa na hifadhi za pamoja za wilaya. Vitabu vya kanisa vya Trøndelag vyenyewe viko chini ya hifadhi ya dola ya Trondheim, na vya Vestfold chini ya ile ya Kongsberg. Ukiandika barua pepe, taja parokia au shule, aina ya daftari na miaka. Barua inayosema "naomba kila kitu kuhusu Olav Duun" hujibiwa kwa orodha ya vitabu ambavyo tayari unavijua.

Kabla ya kukadiria saa zake za kazi, hakikisha shule ilikuwa chini ya sheria gani. Mwaka 1889 Norwei ilipitisha sheria mbili za shule ya msingi, moja ya miji na nyingine ya vijijini, na tofauti hiyo ilidumu hadi 1959. Shule za vijijini zilikuwa na wiki chache zaidi za masomo kwa mwaka, na kwingi watoto walikuja siku moja na kukaa nyumbani siku inayofuata. Holmestrand ulikuwa mji, lakini ulizungukwa na Botne, wilaya ya mashambani iliyounganishwa nao mwaka 1964 tu. Shule ambayo leo iko "Holmestrand" yaweza kuwa ilikuwa Botne wakati ule, na hapo sheria, mshahara na daftari vyote ni vya ofisi nyingine. Kosa hili moja laweza kukupotezea mwezi mzima wa barua.

Kazi kubwa ilitoka katikati ya miaka hiyo ya ualimu. Juvikingar ilitoka 1918, I blinda 1919, Storbrylloppe 1920, I eventyre 1921, I ungdommen 1922 na I stormen 1923. Juzuu sita kwa miaka sita, kila mwaka moja, mwalimu akiwa na darasa lake. Zinaufuata ukoo mmoja wa wakulima kwa vizazi, kutoka watu wa nguvu wanaotawala kwa mkono hadi Odin, mtu anayejishinda mwenyewe. Mwishoni Odin na adui yake Lauris wako baharini, mashua imepinduka, haiwezi kuwabeba wote wawili, na Odin ndiye anayeachia.

Ukitaka kuifasiri sehemu hiyo, mashua za Norwei zitakusumbua. Usiite mashua ndogo ya huko "ngalawa", maana ngalawa ina matengo, nayo haipinduki vile. Mashua ya makasia manne ni hiyo hiyo, iseme hivyo. Mkuku ni mkuku. Shamba lenye odel ni shamba ambalo ukoo una haki ya kulikomboa likiuzwa nje, na hilo lielezwe mara moja kwa sentensi nzima, kwa sababu ugomvi wa nusu ya riwaya zake umesimama juu yake. Wazee waliokwisha kumwachia mtoto shamba nao huishi hapo hapo kwa mkataba wa chakula na chumba. Usipolijua hilo, utaona baba mkwe aliyejaa nyumbani na usielewe kwa nini hafukuzwi. Katika Medmenneske ya 1929, Ragnhild anamuua baba mkwe wake Didrik kwa shoka. Msomaji asiyeuona mkataba ule atadhani ni wazimu wa ghafla.

Kuna kishawishi cha kuwapa watu wa Namdalen lahaja ya Kiswahili, tuseme Kimtang'ata au Kipemba, ili ladha ya kijijini ibaki. Ushauri wangu ni usifanye. Msomaji ataanza kuona minazi. Tumia Kiswahili cha kawaida chenye msamiati kamili wa uvuvi na ukulima, na ubana wa maneno wa Duun uuweke kwenye urefu wa sentensi: wahusika wake wanasema kidogo na kumaanisha zaidi, hivyo kila unapotamani kuongeza "yaani", uiache.

Aliacha ualimu 1927. Baada ya hapo zikaja Medmenneske niliyoitaja, Ragnhild mwaka 1931 na Siste leveåre 1933, kisha Menneske og maktene mwaka 1938, riwaya ya watu wa visiwa waliorithi utabiri kwamba bahari itawafunika. Alifariki tarehe 13 Septemba 1939. Wajerumani waliivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940, kwa hiyo kuisoma riwaya ile kama kitabu kuhusu uvamizi wenyewe ni kugeuza kalenda. Hofu ya miaka ya thelathini inatosha kuieleza.

Utakutana pia na kauli kwamba aliikosa Tuzo ya Nobel kwa kura moja. Kwamba alipendekezwa zaidi ya mara moja si siri: hifadhidata ya mapendekezo ya Nobel iko wazi kwa miaka iliyozidi 50, na inaonyesha aliyependekezwa, aliyempendekeza na mwaka. Kura haimo humo. Andika kile hifadhidata inachoonyesha na uishie hapo.

Mwisho ni hakimiliki, ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza kwa anayefikiria kuchapisha. Norwei inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya mwaka wa kifo, kwa hiyo maandishi ya Duun mwenyewe yalikuwa huru kuanzia 1 Januari 2010. Tanzania na Kenya zinahesabu miaka 50, huko yalikuwa huru mapema zaidi. Kwa sababu hiyo Maktaba ya Taifa ya Norwei inaweza kuonyesha matoleo yake ya zamani kwa mtu yeyote duniani, bure. Vitabu vya wengine juu yake ni jambo jingine: vingi vimeskaniwa, lakini hufunguka kwa kompyuta zilizoko Norwei tu, na aliye nje huomba ruhusa ya utafiti au ya ufasiri kwa kueleza kazi yake na vitabu anavyovitaka. Mchapishaji, siyo mfasiri, ndiye anayeomba ruzuku ya tafsiri kwa NORLA, taasisi inayoitangaza fasihi ya Norwei nje ya nchi, hivyo mtafute mchapishaji kwanza.

Angalia pia unafasiri kutoka wapi. Juvikfolke ilitoka kwa Kiingereza miaka ya thelathini, kwa kazi ya Arthur G. Chater, na tafsiri ina hakimiliki yake yenyewe inayohesabiwa kutoka kifo cha mfasiri. Ukifasiri kutoka Kinorwei huhitaji ruhusa ya mtu. Ukifasiri kutoka Kiingereza, hata kurasa tano za gazeti, unatumia kazi ya Chater, na mhariri makini atakuuliza kibali kiko wapi.